Mtama wa Kaunti Mbili

Kaunti ya Smith, kaskazini mwa Kansas nchini Marekani, hulima mtama. Nilipouona mara ya kwanza, Septemba, masuke yamewiva mekundu, nilisimamisha gari nikashuka, nikapukusa punje kidogo kiganjani. Ni mtama uleule ambao kwetu, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, tuliulinda na ndege kuanzia alfajiri, kwa manati na makelele. Huku ni chakula cha ng'ombe na mafuta ya magari, wala hakuna mtoto anayetumwa kuulinda. Watoto wenyewe ni wa kuhesabu.

Mwaka 1900 kaunti hii ilikuwa na watu zaidi ya 16,000. Sensa ya 2020 iliwakuta 3,570. Hawakufukuzwa na vita. Mashine za kilimo zilikuja, shamba moja likameza la jirani, nao vijana wakahamia mijini. Mimi nimekuja kuwatunza wazazi wao waliobaki. Asubuhi nawaogesha, nawavisha soksi, nawasikiliza. Mzee mmoja hunitajia familia zilizoishi barabarani kwao, nyumba hadi nyumba, kama mwalimu anayeita majina darasani. Nyingi ya nyumba hizo hazipo tena. Pamebaki safu za miti iliyopandwa kukinga upepo.

Maji hapa ni ya bomba, ya moto na ya baridi. Siwezi kuyadharau, mimi niliyekua nikifukua mchanga wa mto mkavu hadi maji yachuruzike, nikiyateka kikombe kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwetu Ukambani yamewapunguzia wengi mwendo, lakini mama bado hupanga siku yake kwa kufuata maji.

Makueni sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653, zaidi ya ile ya 2009. Anayesikia hivyo atadhani kwetu kumejaa. Boma letu lina watu wawili: mama, na mjukuu wa miaka tisa. Ndugu zangu wako Nairobi na Mombasa. Matuta ya fanya juu aliyochimba marehemu baba yanabomoka kila msimu wa mvua, na hakuna wa kuyainua. Linaloniuma ni hili: nalipwa kumwogesha mama wa mtu, kisha pesa hiyo namtumia mama yangu kwa M-Pesa, amlipe kijana wa jirani amtekee maji.

Sitaki Makueni ipite njia ya Smith. Nawajua vijana waliobaki kwa sababu ya maembe, wakaoa, wakajenga. Maji yakikaribia shamba, kijana hana haja ya kukimbia. Ndiyo maana akiba yangu sasa inaenda kwenye tangi, nyumba ya mawe itangoja.

Januari iliyopita nilipiga simu nyumbani saa tatu usiku, theluji ikianguka dirishani. Makueni kulikuwa kunapambazuka. Mtoto ndiye aliyepokea.

"Shikamoo shangazi. Nyanya hayuko. Ameenda kufukuza ndege kwenye mtama."