Kamina: Ngurumo za Ndege na Misa ya Waluba

Leo twende pamoja mpaka Kamina, mji wa kusini mwa Kongo, katika jimbo la Haut-Lomami. Hapo njia za reli hukutana: moja yatoka Lubumbashi, nyingine yaelekea Ilebo, na ya tatu yaenda Kabalo, upande wa mashariki. Nje ya mji, Wabelgiji walijenga Base ya Kamina, uwanja mkubwa wa ndege za vita, baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwezi Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliondokea hapo kwenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Basi watu wengi wa mbali walilijua jina la Kamina kwa ngurumo za ndege. Sisi tunakwenda kusikiliza sauti nyingine.

Mwaka 1953 alifika Kamina Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, kuiongoza shule. Muda si mrefu akaunda kwaya ya wavulana kama 45, pamoja na walimu 15. Kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji, kwaya iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin.

Katika makanisa ya Ulaya, kinanda ndicho kilichotawala muziki. Waimbaji wa parokia zetu wanaufahamu wimbo Panis angelicus wa César Franck. Yeye alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1822, akawa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde, Paris, mpaka alipofariki mwaka 1890. Alisifiwa sana kwa kutunga papo hapo, bila karatasi mbele yake. Huko Kamina ustadi wa namna hiyohiyo ulionekana, lakini haukutoka katika vidole vya mtu mmoja. Ulitoka katika vinywa vya kwaya nzima, na ngoma zikiitikia.

Ndivyo ilivyozaliwa Missa Luba, yaani Misa ya Waluba. Maneno yake ni yale ya Kilatini. Sauti zake ni za wenyeji. Kyrie inafuata mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba; na kweli, aombaye huruma huomba kama mtu aliyefiwa. Sanctus inafuata wimbo wa kuagana. Hosanna ina mwendo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, na Agnus Dei imetoka katika wimbo wa Bena Lulua. Noti hazikuandikwa kwanza ndipo ziimbwe. Kila mwimbaji alijua njia, akaipita kwa hatua zake.

Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na sauti zake zikatiwa katika sahani za santuri. Mwaka 1968 Sanctus ilisikika hata katika filamu ya Uingereza, if....

Tena tukumbuke kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, ukaagiza kwamba muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake. Watoto wa Kamina walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka mitano.

Sahani hutaja jina la Padre Haazen, na ni haki yake, kwa maana bila yeye kwaya isingekuwapo. Joachim Ngoi, mwimbaji kiongozi, naye hutajwa. Lakini ni nani awezaye kuwataja wale wavulana wengine? Na ni nani awataje wazee waliotunga maombolezo na nyimbo za kuagana kabla yao? Jina la mtunzi likipotea, wimbo waweza kuishi. Wimbo wenyewe ukipotea, hakuna sahani itakayourudisha.

Basi ninyi wanafunzi, jioni ya leo mketi karibu na bibi na babu, mkawaombe wawaimbie. Msikilize, mjifunze, kisha mwimbe. Vijana wa Kamina nao walianza kwa kusikia nyumbani.