Biskuti za Siagi na Asali Kutoka Nyamiaga

Mpendwa mama, ukitazama ramani ya Tanzania utaiona Ngara kule kwenye kona ya kaskazini-magharibi, mahali nchi yetu inapopakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima, ya migomba na maharage, ya ukungu na ubaridi wa asubuhi. Wenyeji wake ni Wahangaza na Washubi, watu wa jembe na wa ng'ombe. Nyamiaga ni moja ya kata za wilaya hiyo, na wengi wetu tumeisikia kwa sababu ya hospitali yake. Leo twende huko kwa sababu nyingine. Twende jikoni.

Anayesafiri kutoka Kahama hupita Nyakanazi, kisha Lusahunga, zote ndani ya wilaya ya Biharamulo, ndipo hushika njia ya kwenda Rusumo. Pande zote mbili za barabara ni pori la miombo, na katika pori hilo nyuki ndio wenye nyumba. Kwenye vituo utaona chupa za asali zimepangwa juu ya meza, nyingine nyeusi kama kahawa, nyingine za rangi ya dhahabu. Rangi hutegemea maua ambayo nyuki wameyatembelea.

Katika barabara hiyo hiyo hupita malori yatokayo Dar es Salaam. Mengine hubeba maboksi ya biskuti za dukani. Pakiti moja ya biskuti imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka kufika mkononi mwa mtoto wa Nyamiaga, ilhali asali iko porini karibu, na siagi iko katika kibuyu cha jirani. Hilo ndilo lililonifanya nimwombe mwenyeji wetu, mama wa makamo aliyelea watoto sita, anionyeshe biskuti zake ambazo majirani walikuwa wakizisifu.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini usikae hivi hivi. Shika kibuyu."

Siagi ya kibuyu

Maziwa ya jana yalikuwa yamekwisha kuganda. Kwanza aliyachemsha, akayaacha yapoe, kisha akatia vijiko viwili vya mtindi na kuyafunika mpaka asubuhi. Wako wanaosema maziwa yaliyochemshwa hayatoi siagi. Hutoa, ila uvumilivu unahitajika. Na kuchemsha si jambo la kupuuza, kwa maana maziwa mabichi yaweza kuleta brusela na hata kifua kikuu, na siagi ya kupaka juu ya biskuti haipiki tena motoni.

Kibuyu huwekwa mapajani na kusukwa mbele na nyuma. Baada ya muda mlio wa maziwa hubadilika. Badala ya kulia kama maji, husikika mabonge yakigonga. Siagi imejitenga. Huitoa, huiosha kwa maji safi ya baridi mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe, kwa sababu maziwa yakibaki ndani siagi huchacha upesi. Yale maziwa yaliyobaki kibuyuni usiyamwage, mama. Ndiyo yatakayokanda unga wetu.

Mahitaji

Kwetu tukisema biskuti tunafikiria kile kitu kikavu cha pakiti. Kusini mwa Marekani neno hilo ni jina la vimkate vidogo laini, vinavyoliwa vikiwa vya moto pamoja na siagi na asali. Hivyo ndivyo tunavyooka leo. Si skonzi, maana havina hamira na havisubiri kuumuka.

Unga wa ngano vikombe 2
Beking pauda vijiko vya chai 3
Chumvi nusu kijiko cha chai
Siagi baridi vijiko vya mezani 5
Maziwa ya kibuyu, au mtindi mwepesi, robo tatu ya kikombe

Kwa mpako: siagi vijiko vya mezani 3, asali vijiko vya mezani 2, na chumvi kidogo sana.

Ngano haina budi kununuliwa. Ukitaka kupunguza gharama, nusu kikombe cha unga waweza kuwa wa mtama. Usizidishe, kwa sababu mtama hauna ule mnato wa ngano unaoshika mkate, na biskuti zitavunjika.

Namna ya kutengeneza

Chekecha unga, beking pauda na chumvi pamoja. Kata siagi vipande vidogo, uivunjevunje ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko uwe kama chenga za mahindi. Siagi iwe baridi na ngumu. Hapa wanawake wa Ngara wamebarikiwa, kwa kuwa asubuhi yao ni ya baridi. Wewe wa Mwanza au Dar es Salaam iweke kwanza ndani ya maji ya mtungi. Siri ni hii: vipande vya siagi vikiyeyukia motoni huacha nafasi ndogo ndogo, mvuke huinua unga, na biskuti hupata matabaka. Siagi ikiyeyuka mapema mkononi, matabaka hayapo.

Mimina maziwa, changanya upesi kwa mwiko, kisha geuza unga juu ya meza na uukunje mara tatu au nne tu. Usiukande kama wa chapati. Kukanda sana huamsha mnato wa ngano, na biskuti huwa ngumu. Tandaza unene wa vidole viwili, kata kwa mdomo wa bilauri uliopakwa unga, ukibonyeza moja kwa moja bila kuzungusha. Zipange zikigusana ili ziinuke juu badala ya kutanuka.

Kuoka bila oveni

Usikate tamaa kwa kuwa huna oveni. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu au vijiwe vitatu chini, kisha uifunike na kuipasha moto dakika kumi. Weka biskuti katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi, uiingize ndani ya ile kubwa juu ya vijiwe. Funika kwa sinia, na juu ya sinia weka makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana biskuti huungua upande wa chini kabla hazijawiva juu. Baada ya dakika 20 hivi chungulia. Zikiwa na rangi ya hudhurungi, zimeiva.

Yeyusha siagi ya mpako kwenye moto hafifu, epua, ndipo utie asali na chumvi. Asali haipendi moto mkali. Harufu yake hupotea na huungua haraka. Kwa sababu hiyo hiyo hatupaki kabla ya kuoka. Paka mara tu biskuti zinapotoka, zingali moto, nazo zitaunywa mpako mpaka ndani.

Tulikula kwa chai ya rangi, watoto wakilamba vidole. Hakuna aliyeulizia pakiti ya dukani.

Asali ina mwenyewe

Mwenyeji wetu alinieleza jambo ambalo nimelibeba moyoni. Asali haikuwa ikipatikana hivi siku zote.

Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo, na kwa muda wa saa 24 tu waliingia watu wapatao 250,000. Walikaa Benaco na makambi ya jirani mpaka Desemba 1996. Wenyeji wa Ngara waligawana nao walichokuwa nacho. Lakini kila jungu lilihitaji kuni, na vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara. Mti ukianguka, ua limekwenda, na ua likienda nyuki huhama.

Basi tukiitaka asali tuutunze mti. Njia ya kale ya kuchoma nyuki usiku kwa mienge huua kundi zima na mara nyingi huacha moto porini. Kubandua magome kwa ajili ya mizinga huua mti uliochukua miaka mingi kukua. Mizinga ya mbao yenye vipande vya juu vya kuinulika humwezesha mrinaji kutoa masega machache na kuwaachia nyuki chakula. Kazi hii hata mwanamke aifanya, kwa maana mzinga huwekwa chini, hauhitaji kupanda mti. Sufuria yetu ya makaa nayo husaidia, kwa kuwa konzi chache za mkaa zatosha kuoka chakula cha familia nzima.

Unaponunua asali, usiikatae kwa sababu imeganda. Wengi hudhani imetiwa sukari, kumbe asali safi huganda yenyewe. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, itarudi kuwa laini.

Neno kwa mama mwenye mtoto mchanga

Tafadhali soma hapa mara mbili. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata kidogo, hata ya kulambishwa kidoleni, hata iliyopakwa juu ya biskuti. Asali yaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka mtoto ashindwe kunyonya na hata kupumua. Moto wa kawaida wa jikoni hauziui mbegu hizo. Bibi akitaka kumlambisha mjukuu kwa upendo, mweleze kwa heshima: "Mama, tumngoje afikishe mwaka." Na kama mtoto ameshalambishwa kisha akawa mlegevu, akakosa choo au akanyonya kwa shida, mpeleke hospitali bila kukawia, ukamwambie mganga kwamba alipewa asali.

Kwa sisi wengine pia kiasi ni chema. Kitabu cha Mithali, sura ya 25, kinatuonya juu ya kula asali kupita kiasi. Asali ni tamu na ina manufaa, lakini mwilini ni sukari, na mwenye kisukari aihesabu hivyo.

Mama mpendwa, juma hili chukua daftari uandike fedha unayotumia kwa biskuti za dukani kwa mwezi. Kisha piga hesabu ya unga, beking pauda na chupa moja ya asali. Tofauti utakayoiona yaweza kuwa daftari za shule, au mzinga wa kwanza wa kikundi chenu cha akina mama. Waite watoto, wasichana kwa wavulana, waje kusuka kibuyu na kukata kwa bilauri. Nao watajua kwamba utamu wa nyumbani una kazi ndani yake, na kwamba mti ulio nyuma ya nyumba ni sehemu ya chakula chao.