Kimya Mbele ya Kioo

Lugha ya kigeni ni kama nguo ya kuazima: humsitiri mtu, lakini humfanya aogope kuinua mkono. Mtu mzima aliyekomaa kwa umri na akili, mwenye heshima nyumbani kwake na neno la kusikilizwa kazini kwake, akitiwa katika lugha ya wageni hurudi utotoni kwa dakika moja. La kusema analo, ila chombo cha kulisemea hana. Fedheha hii imewapata watu wa kila taifa, lakini siku hizi hapana mahali inapoonekana karibu zaidi kuliko katika masomo ya Kiingereza ambayo Wajapani hufundishwa kwa simu za video na walimu walio ng'ambo ya bahari, wengi wao wakiwa wenyeji wa visiwa vya Ufilipino.

Sababu ya masomo hayo si uhaba wa shule. Mjapani wa kawaida hufundishwa Kiingereza miaka sita katika shule za kati na za juu, na tangu mwaka 2020 Kiingereza kimekuwa somo kamili hata katika darasa la 5 na la 6. Lakini kwa vizazi vingi somo hilo lilikuwa la jicho na kalamu. Mwanafunzi alipewa sentensi, akaipasua kama fundi apasuavyo ubao, akaifasiri kwa Kijapani, akapasi mtihani. Akifikiwa na mgeni mlangoni, elimu yote ile hubaki kifuani kama maji ndani ya mtungi usio na mdomo. Ndipo mtu huyo, akiwa na miaka arobaini au sitini, hukaa mbele ya kompyuta yake usiku na kumlipa mwalimu wa mbali ili amfundishe kunena yale ambayo tayari aweza kuyasoma.

Kufundisha Kiingereza kwa Wajapani huku kizuizi kimesimama katikati si jambo jipya. Mwaka 1848, Japani ilipokuwa bado imewafungia wageni milango yake, kijana mmoja aliyeitwa Ranald MacDonald, baba yake Mskoti na mama yake wa kabila la Wachinook wa Amerika ya Kaskazini, alishuka kwa hiari yake kutoka katika meli ya wavuvi wa nyangumi, akaingia katika mashua ndogo, akatua upande wa kaskazini wa nchi ile. Alikamatwa, akapelekwa Nagasaki, akawekwa kifungoni. Wakalimani wa serikali, waliokuwa hodari wa Kiholanzi, walimwendea humo humo wakamsomea maneno ya Kiingereza, naye akawasahihisha matamshi. Mwaka 1849 aliondoka. Mmoja wa wanafunzi wake, Moriyama Einosuke, alikuwa mkalimani mwaka 1854, wakati Japani ilipofanya mapatano na Perry, jemadari wa majeshi ya majini ya Marekani. Basi sauti ilipita penye kizuizi hata hapo zamani. Tofauti ni kwamba kizuizi cha leo ni cha kioo, na mfungwa ni saa.

Somo la kioo aghalabu ni la dakika 25. Saa za Tokyo hutangulia saa za Cebu kwa saa moja tu, kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi huishi karibu katika usiku mmoja. Mjapani atokaye kazini akaketi saa tatu usiku humkuta mwalimu wake katika saa mbili. Na atakaye kusoma saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kupanda treni, humwamsha mwenzake alfajiri ya saa kumi na moja. Mwalimu hulipwa kwa hesabu ya masomo, na mara nyingi mwanafunzi humpa alama baada ya kila somo. Alama zikipungua, wanafunzi hupungua; wanafunzi wakipungua, kibaba hupungua. Kwa hiyo mwalimu huyu, anayeonekana kukalia kiti cha mwenye kujua, amekalia pia kiti cha mwenye kuhukumiwa.

Na achukuliwe kwa mfano mwalimu mmoja wa Cebu, mwanamke, na mwanafunzi wake, mzee wa Nagoya aliyekwisha kustaafu. Kiingereza si lugha ya mama wa yeyote kati yao. Mwalimu alilelewa kwa Kicebu. Kiingereza kilifika kwao na utawala wa Marekani, ambao mwaka 1901 ulileta walimu mamia kwa meli iitwayo Thomas, na hata leo ni lugha rasmi ya nchi pamoja na Kifilipino. Tena nchi zao mbili zina kumbukumbu chungu. Majeshi ya Japani yaliikalia Ufilipino katika vita, na mwaka 1945 mji wa Manila ulibomolewa katika mapigano ya mwisho. Wajukuu wa wakati ule sasa huulizana habari za mvua na chakula kwa lugha ambayo kila mmoja aliipokea kutoka kwa watu wengine. Hilo peke yake ni jambo la kushukuriwa.

Siku za kwanza mzee alishindwa na vitu vidogo. Kijapani hakitofautishi sauti za l na r, hata right na light zilitoka kinywani mwake kama ndugu pacha. Tena silabi ya Kijapani hupenda kumalizikia kwa irabu, kwa hiyo neno strike, ambalo kwa Mwingereza ni silabi moja, kwa Kijapani limekuwa sutoraiku. Mwingereza hucheka asikiapo hayo. Mswahili hana haki ya kucheka. Yeye naye alilipokea bus akalifanya basi, kama Mjapani alivyolifanya basu. Na glass, ambalo huko ni gurasu, huku limekuwa gilasi. Lugha hizi mbili, zisizo na udugu wa damu, zina tabia moja ya nyumba: mgeni akiingia na konsonanti tupu, hupewa irabu ya kujifunika. Katika sehemu hii kioo kilikuwa msaada. Mwalimu alisogeza uso karibu na kamera, akaonyesha ncha ya ulimi ilipogusa nyuma ya meno na ilipokaa bila kugusa, akarudia mara kumi bila kuchoka. Adabu ya darasani isingeruhusu nyuso mbili kukaribiana hivyo.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa katika neno dogo kuliko yote, neno la kukubali. Mwalimu aliuliza, "Hukuelewa?" Mzee akajibu, "Ndiyo." Kwa kanuni ya Kiingereza, jibu hilo lilikuwa na maana kwamba ameelewa, na mwalimu akafungua ukurasa wa pili. Lakini mzee alijibu kwa kanuni ya Kijapani, ambayo kwayo mtu hukubali au kukataa kauli aliyoulizwa: ndiyo, ni kweli kama usemavyo, sikuelewa. Mswahili angalimfahamu mara moja, kwa kuwa naye husema, "Ndiyo, sijala." Isitoshe, neno la Kijapani la kukubali, hai, mara nyingi halina maana zaidi ya "nakusikia". Basi kwa majuma kadhaa mwalimu alipita kurasa nyingi akidhani anakubaliwa, na mzee alimfuata nyuma kwa adabu, kama mtu afuataye msafara ambao umekwisha kumpotea.

Mwisho ikaja taabu ya kimya. Mwalimu akiuliza jambo lisilo katika kitabu, mzee hunyamaza. Sekunde tano hupita, nane, kumi. Katika chumba kimoja, kimya kina dalili zake: pumzi huonekana, mkono hucheza, jicho hutafuta dari. Mbele ya kioo dalili hizo hufifia. Sauti huchelewa kidogo njiani; macho hayakutani, kwa sababu atazamaye uso wa mwenzake hawezi wakati huo huo kutazama kamera; na mwalimu hajui kama mtu anafikiri au mtandao umekatika. Naye, akiiona saa inakimbia na alama zinamngoja, huogopa. Hujaza pengo kwa sauti yake. Huuliza swali jingine jepesi zaidi, kisha hulijibu mwenyewe. Mzee hutabasamu, husema ndiyo, somo huisha, na alama hutolewa nzuri. Wote wawili wamefanyiana hisani, na hapana aliyejifunza kitu. Aliyelipa ili aseme amelipa ili asikilize.

Si kweli kwamba kimya kile kilikuwa kitupu. Mjapani huweka kitendo mwisho wa sentensi. Mwingereza hukiweka mapema, karibu na mtendaji. Kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ni kuhamisha nguzo ya nyumba huku watu wamo ndani. Juu ya hayo, mzee alikulia shuleni ambako kosa lilitiwa wino mwekundu, basi hakutaka kufungua kinywa mpaka nyumba nzima iwe imesimama. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyekivunja kimya cha mzee alikuwa akiuzuia mshindo wenyewe.

Usiku mmoja mwalimu alimwuliza kwa nini anajifunza Kiingereza katika umri wake. Kimya kikaja kama kawaida. Safari hii mwalimu aliiweka mikono yake chini ya meza, akafunga midomo, akangoja. Ulikuwa ni uamuzi wa hatari kwa mtu alaye kwa hesabu ya dakika. Sekunde kumi zilipita, zikawa ishirini. Kisha mzee alisema polepole, neno baada ya neno, na kila neno lilikuwa na kosa lake: kwamba binti yake ameolewa mbali, kwamba ana mjukuu asiyejua Kijapani, kwamba wakizungumza kwa simu, mtoto husema mengi naye husema ndiyo, ndiyo. Akanyamaza tena. Halafu akamaliza: "Sitaki kuwa babu wa ndiyo."

Mwalimu hakusahihisha kitu. Wino mwekundu ungalikuwa ukatili kwa sentensi iliyobeba mzigo mzito namna ile. Alirudia maneno yale kwa Kiingereza sahihi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekipokea kitu kwa mikono miwili. Na mzee, alipoyasikia maneno yake yamenyooka, aliyasema tena yeye mwenyewe. Dakika 25 zikaisha. Kwa kipimo cha kitabu, ukurasa haukusogea.

Hapana shaka kwamba vyombo hivi vimeleta neema. Vimewapa kazi watu wengi wa visiwani bila ya kuwahamisha kwao, ijapokuwa tufani huzima umeme wao na kuwanyang'anya mshahara wa siku. Vimempa mzee wa Nagoya mwalimu katika chumba chake, kwa saa aipendayo. Lakini chombo kipimacho kwa dakika na kuhukumu kwa alama hushawishi watu wapendezane badala ya kufunzana. Mwenye kuandika masharti ya masomo kama hayo, kama angeweka wakati wa kungoja katika hesabu ya malipo, angalikuwa amefanya zaidi ya kuongeza vitabu kumi. Mpaka hapo, kungoja ni sadaka ambayo mwalimu hutoa mfukoni mwake mwenyewe. Kila sekunde ya kimya humgharimu kitu, na mwanafunzi, akiwa ng'ambo ya kioo, huenda asijue kamwe kwamba alilipiwa.