Weka Nafasi Mapema

Akina mama wenzangu, mwaka jana mimi na Baba Neema tulitimiza miaka 20 ya ndoa. Watoto tukawaacha kwa bibi yao, tukavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda kupumzika Mji Mkongwe, Unguja.

Nilikuwa nimesikia sifa za mikahawa iliyo juu ya mapaa ya nyumba za kale, ambako watu hula samaki na pweza huku jua likizama baharini. Jioni ya kwanza tulivaa vizuri, tukapanda ngazi za mbao zilizosimama kama ukuta. Juu tulipokelewa na kijana mwenye daftari.

"Karibuni. Mmeweka nafasi?"

Hatukuweka.

"Samahani mama, leo meza zote zimejaa."

Nikaanza kulalamika. Baba Neema akacheka. "Usihangaike, Mama Neema. Mimi nimezoea. Hata nyumbani nafasi hujaa kabla yangu."

Ulikuwa utani, lakini ulinichoma. Nilikumbuka zamu za usiku wodini, kwaya, vikao vya akina mama, na majirani wanaobisha hodi na wagonjwa wao. Wote hao wana siku yao kwangu.

Tulishuka hadi bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo. Pale hakuna daftari. Tulikula mishikaki na urojo, tukanywa maji ya miwa, tukazungumza mpaka usiku.

Asubuhi nilirudi kwa yule kijana. Akanieleza kwa upole kwamba nyumba za mji huu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni nyembamba, na paa hubeba meza chache tu. Pale kwao wageni huketi mara moja tu, kabla ya jua kuzama, na mpishi hununua samaki kwa idadi ya walioandikishwa.

Nawe ukipanga kwenda, piga simu siku kadhaa kabla, hasa kati ya Juni na Oktoba, mwisho wa mwaka, na wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Uliza bei mapema, msije mkaaibika. Taja idadi yenu, na kama kuna mwenye kisukari au anayedhurika na kamba. Mwenye magoti mabovu aulize habari za ngazi. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana. Waheshimu wenyeji, nawe uvae kwa staha. Ukiahirisha, wajulishe, mwingine apate meza.

Jioni ya pili tuliketi juu ya paa, tukalitazama jua likizama. Tuliporudi nyumbani, nilichukua kalenda ya jikoni nikaandika jina la Baba Neema kwenye Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi.

Juzi mwenzangu wodini aliniomba tubadilishane zamu. Nikatazama tarehe, nikamjibu, "Samahani dada, siku hiyo imeshajaa."