Hoteli ya Ufukweni na Watoto: Piga Simu Saa Nne Usiku (Sehemu ya 6)

Sehemu ya 5 tuliongea kuhusu homa ya mtoto usiku, na baada ya pale inboksi imejaa swali moja: "Sista, Desemba tunapeleka watoto baharini, hoteli gani nzuri kwa familia?"

Jina la hoteli sitaji, sijalipwa na mtu. Nitawaeleza namna ya kuchagua, maana mwaka jana sisi tulichagua tukiwa na mtoto ambaye nusu ya ukoo ilitaka abaki nyumbani.

Ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu, mimi ni mama yake mdogo. Ana miaka 6 na ana selimundu. Kwa wageni wa ukurasa huu: chembe zake nyekundu za damu zikikosa maji au hewa ya kutosha, au mwili ukipigwa na baridi, zinajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, na wengi mnaonifuata mmeyaona kwa wanenu. Sasa kikao cha familia kilipokaa, mama mkubwa mmoja akasema, "Huyu aachwe na bibi yake, maji ya bahari yatamuua." Mtoto alikuwa mlangoni anasikia. Hakulia. Aliuliza tu kama binamu zake watamletea kombe.

Jamani, mimi ni nesi, nimeshawahi kumtundikia dripu huyo mtoto kwa mkono wangu. Najua anachoogopewa. Lakini najua pia kwamba mtoto wa selimundu anaweza kucheza, kusafiri na kuingia majini, mradi anayempeleka amejipanga. Nikawaambia wanipe wiki moja nitafute mahali. Nikikosa, anabaki, na mimi nabaki naye.

Kaka yangu alikuwa ameshachagua Nungwi, kaskazini ya Unguja. Simlaumu. Nungwi bahari yake ni tamu, na maji hayakimbii mbali kama kule Paje na Jambiani, ambako yakipwa unatembea muda mrefu ndipo uyakute. Ila kutoka Nungwi mpaka mjini Unguja ni kama kilomita 60 za barabara, na faili la mtoto liko Muhimbili, ng'ambo ya bahari. Familia yenye watoto wazima waende, watafurahi sana. Kwa huyu wetu nilitaka kitanda ambacho kikitokea kitu saa nane usiku, gari linafika anakofahamika bila kusubiri boti ya asubuhi.

Ndiyo maana nikasema Kigamboni. Kaka akacheka: "Tutoke Morogoro twende Kigamboni? Watu watatuonaje?" Nikamwambia watu hawatakuwepo usiku wa manane.

Basi nikaanza kupiga simu, na nilipiga saa nne usiku makusudi. Mchana kila hoteli ina mtu wa kukuitikia kwa sauti nzuri. Mtoto akizidiwa usiku, anayekuokoa ni yule aliyepo usiku. Hoteli ya kwanza, yenye picha za mabembea na maandishi "rafiki kwa familia", simu iliita mara nne. Ya tano akapokea mlinzi: "Piga kesho, wenyewe hawapo." Nikaikata kwenye orodha hapohapo. Ya pili walipokea haraka. Nikauliza kama bwawa lina uzio. Nikajibiwa, "Dada, uzio unaharibu muonekano." Nikashukuru, nikaaga.

Hilo la bwawa nawaomba msilichukulie kirahisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa kwa kuzama duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Na mtoto hazami kwa kelele kama kwenye filamu. Anazama kimya, dakika chache tu, wakati watu wazima wako mita tano pembeni wanapiga soga. Uzio unaofaa unazunguka bwawa pande zote, urefu wake angalau mita 1.2, na geti linajifunga lenyewe. Yale maboya ya kujaza upepo ya mikononi ni ya kuchezea, yakitoboka au yakivuka mkono hayana msaada. Kama bwawa halina uzio, uliza chumba chenu kiko umbali gani na mlango wake unafungwa kwa juu au kwa chini. Mtoto wa miaka mitatu anaamka alfajiri kabla yenu, na anajua bwawa liko wapi.

Hoteli ya tatu haikuwa na picha za maana. Dada wa mapokezi akapokea saa nne na nusu usiku, na nilipomuuliza maswali yangu hakunijibu "hakuna shida" kwa kila kitu. Mawili alisema, "Subiri, nikamuulize mtu wa jikoni." Na kweli akarudi na jibu. Mimi pale ndipo nilipomwamini. Anayesema hakuna shida kabla hujamaliza swali, hajakusikia.

Haya ndiyo nilimuuliza. Yaandike:

Moja, usiku nani anakaa mapokezi, na gari la dharura liko pale au linaitwa? Akasema kuna dereva anayelala hapohapo. Nikaomba namba yake. Mpaka Muhimbili tunapita Daraja la Nyerere, hatutegemei foleni ya pantoni.

Mbili, maji ya moto yanapatikana usiku? Hili ni la mwanetu, lakini hata mwenye mtoto wa chupa analihitaji.

Tatu, maji ya kunywa. Mko na ya kutosha, au kila chupa nainunua kwa bei ya baa? Mtoto wa selimundu anatakiwa kunywa maji siku nzima, na Desemba pwani jua halina huruma. Tukakubaliana tuje na madumu yetu makubwa. Hoteli nyingi hazikubali hili, kwa hiyo uliza kabla, usije ukagombana getini.

Nne, vyandarua vipo, na vimetoboka? Malaria kwa mtoto yeyote ni mbaya, kwa mwenye selimundu ni mbaya zaidi. Mimi hubeba sindano na uzi pia.

Tano, chumba cha chini kipo? Mama yangu ana miaka 68 na magoti yamechoka. Familia siyo watoto tu. Bibi akishindwa ngazi, atakaa chumbani siku nne akitazama ukuta, na nyie mtasema mlimpeleka baharini.

Sita, bei ni ya chumba au ya kichwa, na watoto mnawahesabu kuanzia miaka mingapi? Hapa ndipo watu wanapolilia. Unaona bei nzuri, ukifika unaambiwa ni ya mtu mmoja. Omba wakuandikie jumla kwenye WhatsApp, pamoja na chakula cha jioni, ndipo utume hela. Sisi tulienda wiki ya kwanza ya Desemba, shule zikishafungwa lakini kabla ya bei za Krismasi. Hiyo nayo ilitusaidia.

Tukapanda treni ya mwendokasi kutoka Morogoro, chini ya saa mbili tuko Dar. Mtoto dirishani, chupa ya maji mkononi.

Kuhusu bahari yenyewe nilimuuliza mvuvi, sikuuliza intaneti. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kidogo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu inapita mita 3. Maana yake, pale mtoto aliposimama asubuhi maji yakiwa magotini, mchana anaweza asifike chini. Kila asubuhi tuliuliza saa za maji, watoto wakaingia yakiwa yanatulia, mtu mzima mmoja akiwa ndani ya maji mbali kuliko mtoto wa mbali. Simu hana. Tulipokezana nusu saa nusu saa kama zamu ya wodi, tena kwa kutajana jina: "Sasa ni wewe." Watu wazima kumi wakiwa ufukweni bila zamu, hakuna anayeangalia. Viatu vya plastiki kila mtoto alivaa, maana kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wenye miba mirefu, ukiwakanyaga likizo imeisha.

Mwanetu aliingia baharini mchana, maji yakiwa ya uvuguvugu, robo saa kwa robo saa. Akitoka anafutwa, anavalishwa fulana kavu, anakunywa maji. Bwawa la hoteli asubuhi lilikuwa na baridi, hilo hakuingia. Alinuna kidogo. Akapata kombe zake mwenyewe, mfuko mzima.

Usiku wa pili, saa nane na kitu, akaamka anashika mguu. "Mama mdogo, unaniuma." Nikapima joto, hana homa. Kwetu sheria ni moja, joto likifika 38 hatujadili, tunaenda hospitali, kwa sababu homa kwa mtoto wa selimundu ni dharura. Nikampa dawa yake ya maumivu aliyoandikiwa, maji, kisha nikapiga simu mapokezi. Yule dada alikuwepo. Kabla sijamaliza kueleza akasema, "Maji ya moto, eeh? Nakuja." Tukayatia kwenye chupa, tukaizungushia taulo, tukaiweka mguuni. Barafu msiweke kamwe kwa hawa watoto. Dereva naye akaamshwa, akakaa kwenye kiti nje ya mlango wetu na ufunguo mkononi, bila kuambiwa.

Dada yangu alilia kwa sauti ya chini. Akaniambia miaka yote amekuwa akijiona anaomba msaada peke yake usiku.

Saa kumi na moja maumivu yakashuka, mtoto akalala. Gari halikuhitajika. Yangekuwa hayashuki, tungekuwa tumeshavuka daraja. Asubuhi kaka yangu, yule wa Nungwi, alikwenda jikoni mwenyewe kumchukulia uji.

Kwa hiyo wanaoniuliza hoteli nzuri kwa familia: mabembea na juisi ya bure ni vizuri, watoto watafurahi. Lakini kwanza mjue nani yuko macho usiku, maji yamezungushiwa nini, na hospitali iko umbali gani kwa mgonjwa mlio naye. Mwenye mtoto wa pumu aulize kuhusu vumbi na mito ya manyoya. Mwenye mzee wa sukari aulize chakula kinatoka saa ngapi. Kila familia ina mtu wake ambaye watu wanataka kumwacha. Muanze kuchagua hoteli kwa kumfikiria huyo, waliobaki watatosha tu.

Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iwekeni kwenye simu leo. Sehemu ya 7 nitaeleza hatua kwa hatua cha kumfanyia mtoto aliyetolewa majini, kabla msaada haujafika. Mwenye swali aandike hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.