Mtoto Mfupi: Ni Ukoo au Ni Sufuria?

Leo naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na nguo za mtumba, tuongelee sentimita. Ndiyo, sentimita! Maana hapa kwetu Lizaboni, Songea, nimeshuhudia nyumba ikitikiswa na sentimita kuliko nyumba nyingine zinavyotikiswa na nyumba ndogo.

Kila aliyepita shule ya msingi anaujua mstari wa asubuhi. Wafupi mbele, warefu nyuma. Mzazi akipita njiani anaona wanawe wamesimama, na kama wa kwake yuko wa kwanza mbele kila siku ya Mungu, moyo unamdunda. Mtoto wa dada yangu, ambaye naishi kwake, yuko darasa la pili na ndiye anayefungua mstari. Wenzake wamempa jina: Andunje. Akirudi nyumbani anarusha begi kitandani na kuniuliza, "Mjomba, hivi mimi nitarefuka lini?" Jamani, swali kama hilo unalijibuje?

Wakati mimi natafuta jibu, wakubwa wa nyumba walikuwa wameshapata majibu yao. Shemeji alisema ufupi huo umetoka upande wetu, kwao hakuna mtu wa namna hiyo. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni bila kuinama, na mlango wenyewe mnaujua milango ya nyumba zetu ilivyo! Mama mkwe wa dada yeye akasema mtoto alirukwa miguu akiwa amelala, na aliyemruka hakurudi kumruka tena kinyume, ndiyo maana kagoma kukua. Jirani akaleta habari za mtu wa stendi anayeuza unga wa kurefusha, vijiko viwili asubuhi na jioni. Washikaji wa kijiweni nao hawakubaki nyuma, wakashauri mtoto aning'inie kwenye mti wa goli dakika kumi kila jioni.

Dada akawa hali. Usiku nasikia anaongea peke yake jikoni. Shemeji alikuwa ameanza kutamka maneno mazito, kwamba huenda damu ya mtoto ina walakini, na ukisikia mwanamume anaanza kuongelea damu ya mtoto ujue hapo ndoa inakwenda kubaya. Mwalimu mmoja naye akashauri mtoto arudishwe darasa la kwanza "akakuekue kidogo". Mtoto ambaye anasoma vizuri na hesabu anazipata, arudishwe nyuma kwa sababu ya kimo!

Hapo nikakumbuka kipimo cha wazee wetu. Zamani, vyeti vya kuzaliwa vikiwa adimu, mtoto akipelekwa kuandikishwa shule aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukilishika, umeingia darasa la kwanza. Usipolishika, rudi nyumbani ukachunge mbuzi. Wako watu wazima wengi leo walioanza shule na miaka tisa au kumi kwa sababu ya sikio. Basi sisi Watanzania tumezoea siku nyingi kuusoma umri wa mtoto na akili yake kwa kumtazama mwili.

Mimi elimu yangu ni ya sekondari tu, sikufika kwenye udaktari. Lakini nikasema, badala ya kubishana, kwa nini tusipime? Nikaenda kwa fundi cherehani wa jirani, nikaazima futi yake. Nikamsimamisha mpwa wangu ukutani bila viatu, visigino vimegusa ukuta, macho mbele, daftari juu ya kichwa, mstari wa kalamu ukutani. Sentimita 115. Umri wake: miaka 7 kamili.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kwamba mvulana wa miaka 7 wastani wake ni kama sentimita 121. Akishuka chini ya 111 hivi, hapo ndipo wataalamu wanasema huyu yuko chini kupita kiasi, aangaliwe. Mpwa wangu yuko katikati. Mfupi, sawa, lakini hajavuka mpaka. Tena darasani kwake wamo watoto wa miaka 8 na 9. Mtoto wa 7 ukimsimamisha na wa 9 ulitegemea nini? Kati ya miaka mitano na kumi mtoto anaongeza kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, kwa hiyo miaka miwili ni zaidi ya sentimita 10. Ukitaka kumlinganisha mtoto, mlinganishe na umri wake, darasa halisemi kitu.

Kuna na hesabu nyingine wanayotumia madaktari. Chukua urefu wa baba, jumlisha na wa mama. Mtoto akiwa wa kiume ongeza 13, akiwa wa kike toa 13. Gawa kwa 2. Jibu ndiyo ramani ya kimo chake cha utu uzima, na anaweza kuzidi au kupungua kama sentimita 8 hivi. Nikamwita shemeji ukutani. Alisita, akavua kofia, akapimwa: 162. Dada: 150. Jumlisha, ongeza 13, gawa: 162 na nusu. Yaani mtoto anaelekea kuwa saizi ya baba yake kabisa! Shemeji aliutazama ule mstari wa kalamu kwa muda mrefu, halafu akatoka nje kuangalia kuku. Habari ya damu haikurudi tena kwenye nyumba ile.

Wengi wangeishia hapo na kuzima taa. Lakini nikakaa nikajiuliza: sisi wenyewe ufupi wetu tumeutoa wapi? Tunasema ukoo, ukoo. Mbona ukoo mzima ulikula sufuria moja?

Ruvuma yetu hii ni ghala la nchi. Tangu enzi za miaka ya 1970 na 1980 ilitajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Wakati wa mavuno ukipita hapa Songea utaona magari yamejipanga na magunia yanakwenda maghala ya NFRA. Halafu ukichukua utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, unakuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano nchini ni asilimia 30. Ruvuma ni 35.6, Mbeya 31.5, Rukwa 49.8, na Iringa, tena Iringa ya mahindi na viazi, ni 56.9! Ile mikoa minne yote iko juu ya wastani wa taifa. Tumepiga hatua, sikatai, maana utafiti wa 2015/16 ulitukuta Ruvuma na asilimia 44. Lakini mtoto mmoja kati ya kila watatu, kwenye mkoa ambao chakula kinabebwa na malori kupelekwa kwingine? Loo!

Udumavu hauna maana kwamba mtoto alilala njaa. Shibe ipo. Ugali upo asubuhi, mchana na jioni. Kinachokosekana ni vile vingine: yai, dagaa, maharage, karanga, matunda, mafuta. Mama mjamzito anashika jembe hadi siku ya mwisho. Mtoto akifikisha miezi sita anaanzishiwa uji wa sembe mtupu, mwepesi kama maji ya kunawa, na anaachiwa dada yake wa miaka minane wakati mama yuko shambani. Juu yake ongeza kuhara, malaria na minyoo. Mwili unachagua kuishi kwanza, kurefuka baadaye. Na hiyo baadaye haina subira, kwa sababu kipindi chenyewe ni zile siku 1,000, tangu mimba inapoingia mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Ukilipoteza hapo, kulirudisha lote ni kazi ngumu.

Msije mkaniambia kwamba Waafrika wa kusini tumeumbwa wafupi. Vile vipimo vilivyotolewa mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Na ilionekana kwamba watoto wadogo wakipata matunzo hayo, wanarefuka karibu sawasawa, awe wa Accra au wa Oslo. Kwa hiyo pamoja na damu, tunarithi na sufuria. Bibi alipika hivyo, mama akapika hivyo, dada anapika hivyo, halafu tukipimwa wote wafupi tunasema ni ukoo.

Wazo hilo ndilo lililonifanya nimtazame mtoto wa pili wa nyumba ile. Wa kike, mwaka mmoja na miezi miwili, anatambaa chini ya meza akila ganda la uji, na hakuna mtu aliyekuwa anamwongelea. Wote macho kwa kaka yake! Kadi yake ya kliniki safi, uzito uko kwenye rangi ya kijani, kanenepa mashavu. Lakini kadi ile ilijaa uzito tu. Nikamwambia dada, mara hii ukienda omba apimwe na urefu.

Akapimwa amelazwa kwenye ubao. Sentimita 70 na nusu. Kwa umri wake msichana wastani ni kama 76, na mpaka uko kwenye 71 hivi. Jamani! Tuliyekuwa tunamlilia alikuwa salama, na tuliyekuwa tunamchekea ndiye aliyekuwa amevuka mpaka.

Muuguzi aliyekuwa zamu hakumgombeza dada. Alimwambia, "Mama, huyu bado ana miezi kumi mbele yake kabla ya miaka miwili. Hiyo ndiyo mali yako, itumie." Endelea kunyonyesha. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa. Dagaa wa Nyasa watwangwe wawe unga, kijiko kwenye kila chakula chake. Parachichi limejaa sokoni, limponde. Milo mitatu au minne, na kitu cha kutafuna katikati. Mikono ioshwe kwa sabuni. Hakuna hata kimoja kinachotoka ng'ambo, vyote viko hapa Songea.

Palikuwa na jambo moja gumu: mayai. Shemeji ana kuku kumi na wawili, na mayai yote yalikuwa yanakwenda kwa muuza chipsi wa barabarani. Yaani chipsi mayai wanakula vijana wa mjini, akina mimi na wewe msomaji, halafu mtoto wa mwenye kuku anakula ugali na majani. Dada alitaka mayai mawili kwa siku yabaki nyumbani. Shemeji akasema hiyo ni hela ya daftari. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu shemeji, kimya kimya, akaweka mayai mawili kwenye kikombe juu ya kabati na kupeleka yaliyobaki. Tangu hapo ni hivyo hivyo kila siku, bila hotuba.

Na yule kijana wetu wa darasa la pili? Anapimwa kila mwaka siku yake ya kuzaliwa, pale pale ukutani. Akiongeza 5 au 6, hatuna maneno. Akishuka chini ya 4 kwa mwaka, tunakwenda kwa daktari, maana yapo magonjwa na yapo matatizo ya homoni. Messi mwenyewe utotoni aligundulika ana upungufu wa homoni ya kukua, akatibiwa kwa sindano za daktari, tena za gharama, na leo ana sentimita 170. Hakunywa unga wa stendi! Maradona alikuwa na 165, na bado kombe la dunia la 1986 alilibeba.

Nimemwambia pia kwamba wasichana wanatangulia kuchomoka, wavulana wengi wanafuata wakiwa na miaka 12, 13 au 14. Kwa hiyo yule msichana mrefu wa nyuma ya mstari asimtishe. Darasa la kwanza harudi ng'o, dada kashakataa.

Kwenu vijana wenzangu ambao bado mnachumbiana pale kwenye vibanda vya chipsi: siku 1,000 hazianzi mtoto akiwa shule, zinaanza mimba ikiingia. Bei ya futi ya fundi mnaijua, na bei ya yai mnaijua vizuri zaidi. Kazi kwenu!