Kuoana Upya na Deni la Zamani



Ndugu msomaji, napenda nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Siliandiki kwa kujisifu, kwani utaona humo hamna cha kujisifia. Naliandika kwa sababu nadhani ziko nyumba nyingi za Pwani, kuanzia Kilwa mpaka Lamu, zenye deni kama langu, na mwenye deni amelala usingizi wake mzuri.

Mimi ni mtu wa Pwani kwa kuzaliwa. Nilisoma chuoni Tanga, na mwaka 1983 masheikh wangu walinituma Karagwe, mkoa wa Kagera, kufundisha watoto Qur'ani. Usidhani kuwa huko Uislamu ni mgeni wa jana. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliopanda kutoka Pwani kupitia Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya mfalme Rumanyika. Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta wamekaa pale. Leo nchi ile ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, kwani Kyerwa ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, ya migomba na buni, na ng'ombe wa pembe ndefu.

Huko ndiko nilikooa, mwaka 1985, binti wa Kinyambo aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha tangu mwaka 1979, lakini shida ilikuwa haijaondoka. Sukari na sabuni tulizipangia foleni. Mahari ilitajwa shilingi 6,000. Siku ya akdi nilitoa 1,000, na 5,000 zikabaki katika dhima yangu mbele ya mashahidi.

Sasa sikiliza vizuri. Vya wazee nilivitoa vyote, sikubakisha hata kimoja. Wewe wa Pwani unajua kilemba cha baba na mkaja wa mama, na huko bara nako wana desturi zao za kumheshimu baba na wajomba. Hizo nilizilipa upesi, kwa sababu wazee wangeniaibisha mbele za watu. Mwenye haki mwenyewe alikuwa ndani, amejifunika, hakusema neno. Baadaye aliniambia mara moja tu kuwa akizipata zile 5,000 atanunua mtamba. Nikamjibu, "Insha'Allah." Miaka 38 ikapita juu ya insha'Allah hiyo.

Mwaka 2023, mwezi wa Julai, tulikwenda Uganda kumtazama binti yetu aliyeolewa Mbarara. Tulishuka kwa gari mpaka Murongo, mwisho wa Kyerwa, tukagongewa mihuri, tukavuka daraja la mto Kagera na kuingia Kikagati. Kwa sisi watu wa mpakani, ng'ambo ni hapo tu: huku Tanzania, kule Uganda, na mto mmoja katikati.

Kumbe watoto walikuwa wamepanga jambo. Siku ya tatu walitupeleka Kabale, kwenye ziwa Bunyonyi. Ni ziwa zuri lililokaa baina ya milima kama maji ndani ya kata, na husemekana lina visiwa 29. Mkwe wangu, kijana mwenye adabu, alinivuta pembeni akaniambia, "Mzee, siku hizi watu waliokaa miaka mingi katika ndoa hupanda chombo, wakarudia maneno ya ndoa yao juu ya maji. Dubai wanafanya, Zanzibar wanafanya. Tumependa na nyinyi mfanye, sisi tupige picha." Binti yangu alikuwa amekwisha kumvika mama yake buibui jipya na kumtia shada la asumini. Asumini Kabale! Sijui aliipata wapi.

Mimi, msomaji wangu, nilikasirika moyoni. Nilitaka kuwasomea darsa hapo hapo gatini. Na darsa lenyewe ni hili. Nikahi haichakai kama mkeka hata ikahitaji kusukwa upya. Ikifungwa kwa mashariti yake, yaani walii, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli, husimama mpaka iondolewe na talaka, au na hukumu ya kadhi, au na mauti. Hata hivyo kulirudia tamko lake si haramu. Salama bin Akwaa (R.A.) alimpa Mtume mkono wa ahadi chini ya mti kule Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, kisha akatakiwa aahidi tena siku ile ile, akaahidi. Ahadi ya pili haikuivunja ya kwanza. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameijadili akdi ya ndoa kwa mfano huo, na kauli sahihi ni kuwa kuirudia hakuivunji ile ya mwanzo. Lakini wako waliosema kinyume, wakaona kuwa anayeoa tena ni kama anayekiri kuwa alikuwa ameacha. Basi si jambo la kuchezea mbele ya picha. Na aliyekwisha kutoa talaka tatu asidhani kuwa mashua itamrudishia mkewe.

Darsa hilo nililimeza, nisiwavunje nyoyo. Tukapanda mitumbwi miwili. Kwa adabu ya ukwe, mkwe wangu hakukaa na mama mkwe wake; yeye na mkewe walipanda mmoja, na sisi wazee tukapanda mwingine pamoja na mpiga kafi. Bibi yangu alilikaza boya lake kifuani, akashika ukingo kwa mikono miwili. Sikumlaumu. Katika mkoa wa Kagera nani asiyekumbuka tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba ikikaribia Mwanza, watu wakafa kwa mamia? Mtu wa Kagera akikanyaga chombo cha majini husoma shahada kwanza.

Tulipofika katikati mpiga kafi alituonyesha kisiwa kidogo, majani matupu na mti, akaanza kusimulia kwa Kikiga. Kikiga na Kinyambo ni ndugu, kwa hiyo bibi yangu alifahamu yote. Mimi, pamoja na miaka 40 ya kukaa nao, niliokota nusu. Ndipo bibi akanifasiria.

Kisiwa hicho huitwa Akampene. Zamani Wakiga walimpeleka huko msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, wakamwacha bila chakula afe kwa njaa, au ajaribu kuogelea azame. Desturi hiyo iliendelea mpaka katika karne ya 20. Mwaka 2017 BBC ilitangaza habari za bibi mkongwe aliyetupwa pale akiwa kigoli, akaokolewa na mvuvi aliyemfanya mke. Na hapo ndipo penye jambo. Mwanamume aliyekuwa hana ng'ombe wa kutolea mahari alikuwa huenda pale na mtumbwi, akachagua msichana, akamchukua bure.

Nikatikisa kichwa, nikasema, "Ujahili huo! Alhamdulillahi Uislamu ulimpa mwanamke heshima yake."

Bibi yangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mpiga kafi asisikie, "Ni kweli, Mwalimu. Na mtamba wangu yuko wapi?"

Wallahi, ndugu msomaji, laiti ningalizama wakati ule isingalikuwa ajabu. Miaka yote hiyo nimeketi na vijana wanaotaka kuoa, nikawafundisha kuwa mahari ni haki ya mke, si ya baba wala ya mjomba. Kuwa Qur'ani katika Sura ya Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao kwa moyo mkunjufu, na katika sura hiyo hiyo ndoa ikaitwa ahadi nzito. Nimewafundisha kuwa mtu akifa, deni la mahari hutolewa katika mali yake kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Nimewasomea hadithi kuwa hata shahidi husamehewa kila kitu ila deni. Na mimi niko juu ya maji, nimebeba deni la miaka 38, na mwenye kudai amekaa mbele yangu na asumini kichwani.

Nikamwambia jambo ambalo wanaume wengi husema: "Basi nisamehe, Mama." Hakujibu. Akatazama maji. Nami nikafahamu kuwa nimeongeza kosa juu ya kosa. Msamaha wa mahari ni wa mke akitaka mwenyewe, kwa ridhaa yake. Mke anayeombwa na mumewe katikati ya ziwa, watoto wanatazama, ana ridhaa gani hapo? Na kunyamaza kwake si kusamehe.

Mtumbwi wa watoto ukatukaribia. Mkwe akainua simu yake, akasema, "Mzee, haya, tamka!" Nikamwambia, "Ngojeni kwanza, wanangu. Nina jambo la zamani sijalimaliza." Walidhani naona haya mbele yao. Na kweli niliona haya, ila si kwa waliyoyadhani.

Njiani kurudi shetani hakulala. Alinijia kwa mlango wa elimu, maana huo ndio mlango anaouingilia kwa watu kama sisi. Akaniambia: deni lako ni shilingi 5,000, mlipe 5,000 umalize. Na hoja ilikuwepo. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kuwa deni la fedha hulipwa kwa kiasi kile kile kilichokopwa, si kwa thamani yake. Ningeweza kumwekea noti ya 5,000 mkononi, na hakuna kadhi ambaye angenishika. Lakini mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, na leo imepita 2,000. Fedha iliyokuwa mtamba katika mnada wetu, leo ni ya kununulia sukari tu. Na nani aliyeichelewesha mpaka ikayeyuka? Ni mimi. Ningelilipa mwaka ule, mtamba angelizaa, na watoto wake wangelizaa.

Ndipo nikakumbuka hadithi aliyoipokea Abu Rafii (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo kwa mtu. Ulipofika wakati wa kulipa, hakukupatikana ila ngamia mkubwa aliye bora kuliko yule. Akaamrisha apewe huyo, na akafahamisha kuwa watu wema ni wale walipao madeni yao kwa wema. Ziada hiyo si riba, kwa sababu haikushartiwa, ni ihsani. Nikajiambia: hukumu imekupa mlango wa kutokea, lakini Mtume wako hakupita mlango huo.

Tuliporudi nyumbani nilingoja buni yangu ikauke, nikaiuza. Sikununua bati nililokuwa nimelikusudia. Nilikwenda mnadani na mtoto wangu wa kiume, tukanunua mtamba mwekundu kwa shilingi laki nane. Nikamwita bibi uani, na mashahidi wawili wa msikitini kwetu. Nikamkabidhi noti ya 5,000, nikasema, "Hili ndilo deni." Nikamkabidhi kamba ya mtamba, nikasema, "Na huyu ni kwa kukuchelewesha."

Unadhani alilia, au alinishukuru kwa maneno mengi? Alimkagua ng'ombe meno na kwato, kama mtu aliyezaliwa katika ng'ombe. Kisha akasema, "Andika, Mwalimu. Andika kuwa huyu ni wangu. Ukitangulia wewe, watoto wasije wakamhesabu katika mirathi yako." Nikaandika, mashahidi wakatia sahihi, naye karatasi akaifunga pembeni mwa kanga. Ile 5,000 alinunulia sukari, akawapikia chai mashahidi.

Jioni ile binti yetu alipopiga simu kutoka Mbarara kuuliza lini tutarudi Bunyonyi tukapige ile picha, mama yake alimjibu kwa Kinyambo, akicheka, kuwa baba yako tumekwisha kuoana leo, hapa uani. Sikutamka kitu siku ile, wala hatukurudia akdi. Lakini sikumkosoa.

Ndugu msomaji, sikukatazi kumpandisha mkeo mashua. Kumfurahisha mke ni sunna, na Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Mpeleke Chumbe au Bunyonyi, upendavyo. Ila kabla hujakanyaga gati, rudi nyumbani kwanza, ufungue sanduku lenye cheti cha ndoa, utazame mahari iliyotajwa na iliyotolewa. Kama iko baki, ilipe. Kama huna, iandike na umpe mkeo karatasi. Usimwombe akusamehe, akitaka atasamehe mwenyewe bila ya kuombwa. Na wewe mama unayesoma haya, kudai haki yako si utovu wa adabu. Laiti mke wangu angalidai mapema, angalinipunguzia mzigo.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu tukiwa hai, na azitie baraka nyumba zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.